Kifuniko Kisichokuwepo

"Sikuizima," alisema Hamudi. "Hata mkiniweka humu mpaka korosho zidondoke, sitasema niliizima."

Mkaguzi Msaidizi Lois Nachundu alifunga mlango nyuma yake. Alivuta kiti, akaketi ng'ambo ya meza, akaweka mbele yake mfuko wa nailoni wenye flashi ndogo nyeusi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelikalia bati la mahabusu, na kijana yule alikuwa na shati la mikono mifupi, lile lile alilokamatwa nalo jana mchana mbele ya kadamnasi, mlangoni kwa Redio Nyanda.

Kesi yake kila mtu Newala aliijua. Redio Nyanda ilikuwa redio ndogo ya jamii, na kipindi chake kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa "Mkorosho Wetu". Wazee wa vijijini walialikwa kuja kusema yaliyowakaa moyoni. Msimu huu walikuwa na jambo moja: salfa waliyouziwa kupulizia mikorosho imechanganywa na unga, na maua yanakauka mtini. Mara tatu mzee aliingia studio. Mara tatu redio ilinyamaza kabla hajasema neno. Hamudi, fundi mitambo wa redio, ndiye aliyeweka mfumo mpya kwenye kompyuta ya studio siku chache kabla ya kimya cha kwanza. Kesho angepandishwa kizimbani kwa kuhujumu mitambo ya utangazaji. Sokoni ilishasemwa kwamba wauza salfa wamemnunua.

"Wenzangu wamekuta faili kwenye flashi yako," alisema Lois. "Wanasema ni virusi."

"Walilifungua?"

"Halikufunguka."

"Sasa wamejuaje?"

Lois alifungua kompyuta ya kituo aliyokuja nayo kwapani. Nakala ya faili alikwisha kuitoa mapema. Flashi yenyewe ilibaki kwenye mfuko wake, imefungwa kwa lakiri. Akamfungua kijana pingu.

"Nifungulie mimi."

Hamudi alisugua kifundo cha mkono, akamtazama kidogo kama mtu anayepima mtego, kisha akaanza kuandika. "Hili ni jedwali," alisema. "Limetoka kwenye chipu ya kompyuta ya studio. Limeandikwa kwa lugha ya mashine, ndiyo maana halikufunguka. Hapa nalirudisha kwenye herufi zinazosomeka na mtu."

"Jedwali la nini?"

"Afande, umewahi kuhamia nyumba ya kupanga umeme umekatika?"

"Mimi ni polisi. Nimehamishwa kuliko unavyofikiri."

"Basi mwenye nyumba anakuambia: swichi iko nyuma ya mlango, tangi liko uani, choo ni mlango wa pili. Huoni kitu, unapapasa kwa kufuata maneno yake. Mfumo wa kompyuta ni mpangaji kama wewe. Kompyuta inapowashwa, mfumo haujui umeingia kwenye mashine ya namna gani. Feni iko wapi, betri ipo au haipo, swichi ya kulala ni ipi. Mtengenezaji ameyaandika hayo kwenye majedwali ndani ya chipu. Mfumo unasoma, unaamini. Haukagui."

"Na mwenye nyumba akidanganya?"

"Unajigonga ukutani, halafu majirani wanasema mpangaji mlevi."

Lois hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. Mistari ilimiminika kwenye kioo: mabano, namba, majina ya herufi nne nne.

"Kwa nini ulilitoa?"

"Baada ya kimya cha pili niliiona ile kompyuta ikilalamika kwamba betri imeisha. Kompyuta ya mezani, afande! Inachomekwa ukutani. Betri imeitoa wapi? Nikasema huyu mwenye nyumba ana maneno. Nikalitoa jedwali nilisome. Kabla sijafika popote, mkaja."

"Nipeleke chumba kwa chumba."

Hamudi alishuka na mistari. Hapa swichi ya kuwashia. Hapa feni. Hapa BAT0, hiyo betri ya mizimu. Alikuwa anaenda mbio, kidole cha Lois kikagonga kioo.

"Rudi. Hiki ulichokiruka."

"LID0." Hamudi alisogea karibu. "Hiki ni... hiki ni kifuniko."

"Kifuniko cha nini?"

"Cha laptopu. Ukikunja laptopu, mfumo unauliza hapa: kifuniko kiko wazi au kimefungwa? Ukijibiwa kimefungwa, unalala." Sauti yake ilipungua mwendo. "Na ikilala, kila kitu kinanyamaza. Sauti ya maiki inapita kwenye ile kompyuta kabla ya kufika kwenye mtambo wa kurushia."

"Ile kompyuta ina kifuniko?"

"Haina. Ni kasha tu la plastiki, limelala mezani."

"Laptopu inajuaje kwamba kifuniko chake kimefungwa?"

"Kwenye kifuniko kuna kipande cha sumaku. Kikiikaribia bodi, bodi inajua."

Lois aliegemea nyuma. Hadithi ilikuwa nzuri mno, na hadithi nzuri mno alikuwa hazipendi. "Au jedwali hili umeliandika mwenyewe."

"Lina kichwa. Jina la mtengenezaji lipo, namba ya toleo ipo."

"Kichwa nacho kinaandikika."

"Kinaandikika," alikiri Hamudi, akaweka mikono yote miwili juu ya meza, viganja wazi. "Basi usiniamini. Nenda studio, litoe upya kutoka kwenye chipu, kwa mikono yako, mimi nikiwa humu ndani nimefungiwa. Amri za kuandika nitakupa. Yakitofautiana hata herufi, nipelekeni mahakamani, sitabisha. Lakini mkinipeleka bila kulinganisha, nitapiga kelele mbele ya hakimu mpaka mnitoe."

"Andika hizo amri," alisema Lois.

Kwenye korido alikutana na mkuu wake wa upelelezi, Afande Dastani, mtu wa makamo aliyependa majalada yaliyofungwa.

"Jalada la redio liko wapi? Mwendesha mashtaka analitaka leo."

"Halijakamilika, afande."

"Lina mtuhumiwa, lina shahidi, lina kielelezo. Limepungukiwa nini?"

"Mkosaji."

Dastani alimtazama juu ya miwani. "Unabishana na mimi, Lois?"

"Ndiyo, afande."

Dastani aliangalia saa ya ukutani, akaangalia tena uso wa msaidizi wake. "Mchana huu nitakuja huko redioni mwenyewe. Ukiwa huna kitu, nalifunga."

*

Meneja wa Redio Nyanda, Alfredi, alimpokea Lois mlangoni kwa haraka ya mtu anayetaka mgeni aondoke. "Tumeshamtangaza mhalifu hewani, afande. Wasikilizaji wameridhika. Sasa tena kuna nini?"

"Nimekuja kuridhika na mimi."

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Juu ya meza palikuwa na mikisa ya kuchanganyia sauti, maiki mbili na kasha jeusi la plastiki lenye kibandiko cha duka la Upeo, Masasi. Mtangazaji wa kipindi, Bimdogo, Mama Rahima kwa waliomjua, mwanamke mnene mwenye sauti iliyoijaza nyanda yote, alikuwa amejikunyata kwenye kiti kama aliyefiwa.

"Pole na kazi, Mama Rahima," alisema Lois.

"Pole niipokee mimi? Mpeni yule mtoto mliyemfunga." Bimdogo alikunja mikono kifuani. "Nimeshasema na narudia, Hamudi hakununuliwa. Yule hata soda ya bure hanywi, anauliza imetoka wapi."

Lois alianza na aliloahidi. Aliketi mbele ya kompyuta, akaandika amri za Hamudi herufi kwa herufi, akatoa jedwali upya kutoka kwenye chipu. Kisha akapima mafaili yote mawili, kwani kila faili lina alama yake kama mtu na dole gumba lake. Alama zilikuwa moja. Kijana hakuongeza kitu. Kifuniko kilikuwemo tangu mashine inaingia mlangoni.

Lakini jedwali kusema kuna kifuniko ni jambo moja. Nani alikuwa anakifunga?

Aliinama. Kwenye matundu ya hewa ya kasha palikuwa na vumbi la njano. Alikwangua kwa ukucha, akanusa. Salfa.

"Mnaona?" Alfredi alidakia. "Salfa imejaa humo ndani, imeziba feni, mashine imeungua. Basi kama si Hamudi, ni upepo. Andika hivyo tumalize."

"Siku redio iliponyamaza mara ya mwisho hali ya hewa ilikuwaje?"

"Baridi tu, na ukungu," alisema Bimdogo. "Nilivaa sweta."

Lois alifungua kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia wenyewe. Joto la mashine halikupanda kamwe. Mahali kimya kilipoanzia palikuwa na mstari mmoja mfupi, na ulijirudia mara zote tatu vile vile: kifuniko kimefungwa. Papo hapo baada yake: mfumo unalala.

"Ilipozimika," aliuliza, "mlifanya nini?"

"Mimi huchomoa waya na kuuchomeka tena," alisema Alfredi. "Mara moja. Redio haiwezi kukaa kimya."

"Kwa hiyo hukuiangalia kwanza?"

"Niangalie nini kwenye kitu kilichokufa?"

"Haikufa," alisema Bimdogo polepole. "Ile taa yake ya mbele ilikuwa inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, kama mtoto anavyopumua. Nilimwambia Bwana Alfredi, akaniambia nikae kimya nisimchanganye."

Alfredi alikohoa.

Sasa Lois alitafuta sumaku. Spika kubwa, yenye sumaku ndani, ilikuwa ukutani, juu, mbali. Aliishusha, akaiweka karibu na meza kwa urefu wa mkono, kompyuta haikujali. Akaomba rekodi za vipindi vyote vitatu, maana kila kilichorushwa kilihifadhiwa kwenye mashine nyingine chumba cha pili. Akasikiliza kimoja baada ya kingine.

Kwenye cha kwanza Bimdogo alikuwa anacheka, mlango ukalia, akasema: "Karibu baba yangu. Shikamoo." Kimya. Kwenye cha pili mgeni alikuwa bibi wa kutoka Chiwata. "Shikamoo mama." Kimya. Kwenye cha tatu alikuwa Mzee Nurdin, mkulima wa Tandahimba. "Shikamoo baba." Ilisikika "Mara—" na hapo kikakatika.

Lois alivirudia vyote. Kisha akauliza, "Vipindi vingine havinyamazi?"

"Havijawahi," alisema Alfredi. "Cha muziki cha Kurwa kinakwenda jioni nzima bila kukwaruza."

"Kurwa anasalimiaje wageni wake?"

"Yule?" Bimdogo alibinua mdomo. "Mambo, poa, mzuka, basi. Na hayo madude masikioni kama pembe za ng'ombe. Amekaa tu, hainuki!"

"Na wewe?"

"Mimi Mmakonde nimelelewa, afande."

"Nionyeshe."

"Nikuonyeshe kwako? Wewe ni mdogo wangu. Shikamoo hupanda mlima, haiteremki."

Tatizo hilo lilitatuliwa na mlango. Uligongwa kwa fimbo, na aliyeingia alikuwa mzee mrefu mwenye koti la mvua na kofia ya kitambaa. Mzee Nurdin alikuwa ametoka Tandahimba alfajiri, hakualikwa, wala hakuwa na dalili za kuomba radhi.

"Nimesikia mwizi wa sauti yangu mmemkamata," alisema. "Kwa hiyo nimekuja kuisema ile habari yangu ya salfa. Sirudi nayo tena nyumbani, imenikaa tumboni kama kiporo."

"Mzee, kipindi bado—" alianza Alfredi.

"Toka nje kidogo, baba," alisema Lois, "halafu ingia tena. Mama Rahima, vaa hedifoni, keti kama uko hewani. Weka muziki tuusikie."

"Mimi ni mchezo wa kuigiza sasa?" alinung'unika mzee, lakini alitoka. Muziki ukaanza. Bimdogo alivaa hedifoni zake kubwa, akajinyoosha. Mlango ukafunguliwa.

Mwanamke yule alifanya alichofanya maisha yake yote bila kukifikiria. Alivua hedifoni, maana mzee haamkiwi mtu akiwa ameziba masikio. Akaziweka mahali palipokuwa karibu na mkono, juu ya kasha jeusi. Akainuka nusu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Maji yanapatikana?"

Muziki ulikuwa umekatika tangu mzee akiwa kwenye "marahaba". Taa ya mbele ya kasha ilikuwa inawaka na kufifia. Alfredi aliruka kuelekea kwenye waya wa umeme, na Lois akamshika kiganja hewani.

"Leo usichomoe."

Alichukua bisibisi mezani, akaisogeza kwenye hedifoni. Bisibisi iliruka, ikanata sikioni mwa hedifoni kwa mlio mdogo. Sumaku. Akaziinua hedifoni polepole kutoka juu ya kasha. Taa ikatulia, skrini ikaamka.

Akazirudisha. Kompyuta ikalala. Akaziinua. Ikaamka.

"Mungu wangu," alisema Bimdogo. "Ni mimi. Ninawanyamazisha mimi kwa heshima zangu."

"Na mimi ndiye nilikuwa nazima redio kwa kuingia tu?" Mzee Nurdin alikaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa. "Basi nina nguvu kuliko nilivyodhani. Nitakwenda kujaribu kwenye duka la salfa."

"Si nyie," alisema Lois. Alishageuza kasha na kulegeza skrubu. Ndani, bodi ndogo nyembamba ilikuwa imeshikiliwa kwa gundi pembezoni, ikipwaya kwenye kasha lililokuwa kubwa mara mbili yake. Kulikuwa na mdomo mtupu wa kuchomekea kibodi ya ndani. Kulikuwa na mahali pa bawaba palipokatwa kwa msumeno, bila hata kulainishwa. Alipiga picha kila kitu, karibu na mbali, kibandiko cha Upeo kikionekana.

"Hii ni laptopu kuukuu iliyovikwa kasha," alisema. "Jedwali lilikuwa linasema kweli muda wote. Linaieleza laptopu, kwa sababu hii ni laptopu. Aliyedanganya ni kibandiko."

Alfredi alikuwa amekaa chini. "Tuliuziwa kama mpya."

"Namba ya muuzaji unayo?"

Muuzaji aliitwa Salmini, na alipokea simu upesi, sauti imechangamka. Lois alijitambulisha, akaiweka simu mezani wote wasikie.

"Habari za huko juu, afande? Baridi inawatesa?"

"Tumezoea. Kompyuta uliyowauzia redio inazimika."

"Nimesikia! Kijana wenu kaivuruga. Nileteeni tu hapa Masasi, nitawapa nyingine leo leo, bure."

"Bure?"

"Redio ni ya wananchi, afande. Mimi ni nani?"

"Ulipoiuza ilikuwa mpya?"

"Mpya ya kwenye boksi. Naweza kuapa."

"Hamudi alikosea wapi hasa? Nataka niandike vizuri kwenye maelezo."

"Aliufuta mfumo wangu. Kosa lake hilo. Mimi nilikwisha kuupanga vizuri kabisa, kwamba hata ukiambiwa kifuniko kimefungwa usilale. Yeye na utaalamu wake wa chuo kaja na—" Salmini alijikatiza.

Lois aliandika neno hilo, kifuniko, kwenye daftari.

"Nasema kwa mfano," ilisema simu.

"Kifuniko kipi, Bwana Salmini? Kompyuta mpya ya mezani, ya kwenye boksi. Na nani amekuambia inalala? Mimi nimesema inazimika."

Simu ilikatika.

"Naye amelala," alisema Mzee Nurdin.

*

Afande Dastani alifika kabla ya kipindi, na kwa ombi la Lois alikuja na Hamudi. Alionyeshwa hedifoni na kasha, akazijaribu mwenyewe mara kadhaa kama mtoto mwenye tochi mpya, akasomewa maneno ya Salmini. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo tukizihamisha tu hizi hedifoni, kesi imekwisha," alisema.

"Redio itaendelea kuamini ina kifuniko," alisema Hamudi. "Kesho mtu ataweka simu juu yake, itanyamaza. Niachieni kidogo."

"Wewe ni mtuhumiwa."

"Basi kaa karibu unilinde nisihujumu."

Dastani alimtazama Lois. Lois alivuta kiti cha fundi, akakigeuza kuelekea kwa kijana.

"Chipu haiguswi," alimwambia. "Hiyo inabaki kama ilivyo, hakimu aione."

"Sitaigusa. Nitarekebisha nakala." Hamudi alishaanza kuandika. Alilifungua jedwali lililosomeka, akashuka mpaka kwenye LID0, akakifuta kifuniko na kila mahali kilipotajwa. Akashuka mpaka kwenye betri ya mizimu, akaifuta nayo. Kisha akapanda juu kabisa, kwenye kichwa cha jedwali, akaongeza namba ya toleo.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Lois.

"Mfumo ukikuta toleo ni lile lile, unasema hili ninalo, unalitupa. Namba lazima ipande ndipo ulikubali badala ya lililoko kwenye chipu."

Akaligeuza jedwali kurudi lugha ya mashine. Kompyuta ilikataa, ikaonyesha kosa: kuna mstari alioufuta nusu. Akaurudia. Ikakubali. Akaliweka kwenye flashi ya kuwashia, mahali ambapo mfumo hupita kabla ya kuamka sawasawa.

"Lakini si ungeuambia tu mfumo upuuze kifuniko?" Lois alikuwa amekaa karibu kabisa, akifuata kila amri. "Ni kazi ya dakika."

"Ndivyo alivyofanya Salmini, afande. Aliuambia upuuze, akaenda zake. Nikaja mimi, nikaweka mfumo safi, nikaishia mahabusu. Nikipuuza na mimi, fundi atakayekuja baada yangu ataishia pale pale." Alibonyeza kitufe cha kuwasha. "Mimi nataka lililoandikwa lifanane na kilichopo. Kama hakipo, kisiandikwe."

Mistari ilipita haraka kwenye skrini. Mmojawapo ulisema jedwali la chipu limewekwa kando na jipya limepokelewa. Muziki ukarudi. Bimdogo aliweka hedifoni juu ya kasha.

Muziki uliendelea.

Aliweka na bisibisi. Akaweka na hedifoni za Kurwa juu yake. Muziki uliendelea tu, na Mzee Nurdin akapiga kofi moja la nguvu kwenye goti lake.

Dastani alimvuta Lois pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo, kila mtu alisikia. "Kazi nzuri. Salmini nitawapigia wenzetu wa Masasi wamfuate sasa hivi, kabla hajahamisha mali. Huyu kijana tunamwachia. Ila kimya kimya. Apitie mlango wa nyuma, aende kwao akapumzike, mambo yapoe yenyewe."

"Ni busara," alisema Alfredi upesi. "Tena hewani tusiseme kitu. Nikitangaza kwamba tulinunua laptopu kuukuu iliyovikwa kasha, nani atatuamini tena?"

Hamudi alikuwa bado kwenye kiti cha fundi. Hakupandisha sauti. "Mlinikamata mlango wa mbele," alisema. "Mama yangu alikuwa sokoni, alisikia jina langu kwenye redio ya muuza nyanya. Amelala na maneno hayo. Mimi sipiti mlango wa nyuma."

"Mwanangu, elewa—"

"Nimeelewa, Bwana Alfredi. Sipiti."

"Afande," Lois alimgeukia mkuu wake, "tulimwaibisha kwa sauti. Siwezi kuandika kwenye jalada kwamba kumsafisha kwa kunong'ona ni haki. Ukitaka niandike hivyo, mpe mtu mwingine aandike."

Kabla Dastani hajajibu, Bimdogo aliketi kwenye kiti chake, akavuta maiki karibu, na taa nyekundu ya juu ya mlango ikawaka.

"Wasikilizaji wa nyanda yote," alisema kwa ile sauti yake, "wa Newala, wa Tandahimba, na nyie mlio chini Masasi mnaotupata kwa shida. Mimi ni Bimdogo. Nina mgeni wangu, Mzee Nurdin, na leo atasema yake yote kuhusu salfa mpaka achoke. Lakini kabla yake redio hii inamdai radhi mtu mmoja. Jana tuliwaambia Hamudi ameuza sauti zenu. Tulisema uongo. Yuko hapa pembeni yangu, na sasa nitawaeleza tulichonunua sisi, na aliyetuuzia—"

Alfredi alikuwa amekwisha kufika kwenye meza, mkono umenyooka kuelekea mikisa.

Lois alisimama katikati yake na meza. Hakumgusa. Alitoa mfukoni utepe wa kufungia vielelezo, akauvuta kutoka pembe moja ya meza hadi nyingine, mbele ya tumbo la meneja, akaubana kwa kidole.

"Kuanzia sasa, Bwana Alfredi," alisema kwa sauti ya chini isiingie kwenye maiki, "kila kilicho juu ya meza hii ni kielelezo cha polisi. Hakiguswi na mtu mpaka mzee amalize."